Joto la usiku: funga duka, ulale

Wafanyabiashara wenzangu, hasa nyie mnaouza kwa simu mkiwa chumbani, leo tuongee kuhusu usingizi. Ndiyo, usingizi. Ni habari ya biashara kabisa.

Mwezi wa pili, saa nane usiku, chumbani kwangu Mbagala. Umeme umekatika, feni imenyamaza, shuka imelowa jasho. Nikasema usingizi wenyewe hauji, ngoja nijibu wateja. Mama mmoja wa Dodoma, mteja wangu wa miaka mitatu, alikuwa ameuliza bei ya madera kwa mara ya tatu: "Mwisho shilingi ngapi, mdogo wangu?" Nikamjibu: "Bei si nimeshakwambia? Kama huna hela sema." Nikatuma.

Asubuhi nilipousoma ule ujumbe nilitamani ardhi ipasuke. Niliomba radhi, akajibu kistaarabu: "Haina shida dada, Mungu akubariki." Hajanunua tena mpaka leo. Na yule mama alikuwa anachukua madera kumi kila mwezi, anawauzia wenzake kazini.

Sikumjibu vile kwa sababu nina roho mbaya. Ulikuwa usiku wa nne sijalala sawasawa.

Sasa kuna msemo tunaupenda sana sisi wa mtandaoni: ukilala, mwenzako anauza. Kwa msimu wa joto mimi naupinga. Mtu ambaye hajalala hauzi, anaharibu. Anakosea bei, anaandika mkoa sio, anagombana na bodaboda, anajibu wateja kwa hasira. Halafu hasara ile haionekani kwenye daftari, kwa sababu mteja aliyeudhika hasemi. Anahama kimyakimya.

Na joto lenyewe sio la kudharau. Dar, kuanzia Desemba hadi Machi, hata usiku wa manane joto linaweza kubaki nyuzi 25 au zaidi, na huko ni nje. Ndani ni balaa zaidi, maana ukuta wa tofali na bati vinameza jua mchana kutwa, usiku vinalitema kwako. Mwili ili ulale vizuri lazima upoe kidogo, na unapoa jasho likikauka. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, jasho linagoma kukauka, basi unageukageuka mpaka alfajiri. Wala usidhani unadeka. Mwaka 2024 dunia nzima ilikuwa na joto kubwa kuliko mwaka wowote tangu vipimo vianze, na usiku nao haupoi kama zamani.

Najua mtaniambia: "Dada, wateja wangu wanaandika usiku, ndo muda wao wa kupumzika." Kweli kabisa. Lakini kuandika usiku sio kwamba anataka mzigo usiku. Anataka kujua umemwona. WhatsApp ya biashara ina ujumbe unaojijibu wenyewe, unaupangia saa za kufanya kazi. Wangu unasema: "Karibu sana. Ujumbe wako nimeupata, nitakujibu saa 12 asubuhi, wewe wa kwanza." Tangu niuweke, wengi wananisubiri. Na wachache wasiosubiri ni nafuu kuwapoteza kuliko kuwatukana.

Haya mengine ndiyo ninayofanya, na yananisaidia:

1. Toa mzigo dirishani. Sisi wengi stoo yetu ni chumba cha kulala. Maboksi na viroba tumevipanga mpaka vimeziba dirisha, halafu tunalalamika hewa haipiti. Nilihamisha vyangu upande wa mlango, tofauti niliiona usiku uleule.

2. Mchana funga pazia upande unaopigwa na jua. Jioni nje kukipoa fungua madirisha ya pande zote, hewa ipite.

3. Usizime feni kwa kuogopa LUKU. Feni ya wati 60 ikizunguka saa nane inakula nusu uniti hivi. Piga hesabu ya mteja mmoja aliyekuhama, uone ipi ghali. Ielekeze ipenye chandarua, na chandarua usikivue. Malaria itakufungia duka wiki nzima.

4. Umeme ukikatika, oga maji ya kawaida, lala na khanga iliyoloweshwa na kukamuliwa. Kunywa maji mapema jioni. Kama kuna mtoto mchanga au mzee ndani, muangalie yeye kwanza, joto linawaumiza haraka kuliko sisi.

5. Simu iwe mbali na mto. Kuichaji chini ya mto kwenye joto kunaichosha betri, na ikikaa karibu utaishika tu.

6. Kazi za akili zipeleke alfajiri. Saa 11 ndiyo muda wenye ubaridi kuliko wote. Bei, hesabu, maelezo ya bidhaa, vyote nafanya hapo. Saa 4 usiku nafunga.

Na wanaouza mafuta ya shea, lipstiki au chokoleti, mjue mzigo wenu nao haulali kwenye joto hili. Chokoleti inaanza kulegea kabla ya nyuzi 35. Iweke chini sakafuni, mbali na ukuta unaopigwa na jua, na umpe bodaboda asubuhi, sio saa saba mchana.

Sisemi tuwe wavivu. Nasema mwenye duka la Kariakoo anafunga mlango, anaenda nyumbani, na kesho wateja wanamkuta palepale. Sisi hatuna mlango, ndo maana tunajisahau. Basi tujiwekee wenyewe, hasa miezi hii.

Yule mama wa Dodoma bado namba yake ninayo. Siku nikipata madera mapya namtumia picha, asubuhi, kwa adabu. Labda ipo siku atajibu.

Wewe duka lako unafunga saa ngapi? Na joto hili unalipigaje usiku? Andika hapo chini, tujifunze.