Luku Ikiisha, Msinuniane

Mwezi huu naingia jikoni kwenu. Wengi mnaoniandikia mnagombana kuhusu taa: nani kaiacha inawaka usiku kucha? Jamani, taa ya LED ya wati 9 siyo inayowamalizia umeme! Hita ya maji ya wati 1,500 ikiwaka saa moja inakula yuniti moja na nusu. Taa hiyo ingewaka zaidi ya saa 160 ndiyo ifikie hapo. Sasa nani huisahau hita asubuhi? (Akina kaka, mnajijua.) Maharage nayo yalowekwe tangu usiku, gesi itadumu. Kwetu tunasoma mita kila Jumapili. Mwenzangu anaandika, mimi naitetea pasi yangu.