Choo cha jirani ni afya yako

Ndugu msomaji, tazama kihamba cha hapa Mwika. Miti mirefu huipa kahawa kivuli. Majani na mashina ya migomba ni chakula cha ng'ombe zizini. Ng'ombe naye hutoa maziwa na samadi. Samadi hurudi kwenye migomba na kahawa. Kimoja kikikosekana, vingine hudhoofika.

Afya yetu nayo ni hivyo hivyo. Wengi hudhani choo ni shauri la mwenye nyumba. Mimi nasema sivyo. Mifereji yetu ilichimbwa na wazee wetu kwa kushirikiana. Maji hushuka kutoka mlimani, yakipita kihamba hadi kihamba. Kinyesi kikiingia mferejini huku juu, mtoto wa jirani wa chini aweza kuharisha. Nzi naye huvuka masale bila kupiga hodi.

Basi chimba choo mbali na mfereji, na tundu lake lifunikwe. Chemsha maji ya kunywa. Siku ya kusafisha mfereji, toka na jembe lako. Na mzee asiye na nguvu, tumchimbie choo. Choo chake kitawakinga watoto wako pia.