Motokaa Iliyoundwa Nyumbani

Wengi wetu hudhani ya kuwa motokaa haiwezi kuzaliwa ila katika kiwanda kikubwa. Sivyo. Huko Uingereza, katika mwaka 1957, kampuni ya Lotus, iliyoanzishwa na Colin Chapman, ilitoa motokaa ndogo iitwayo Seven, ikaiuza hata vipande vipande. Mnunuzi aliiunga mwenyewe, na hivi aliepuka kodi iliyotozwa juu ya motokaa nzima. Mwaka 1973 kodi ile iliondolewa na nyingine ikawekwa, faida ikatoweka, lakini hamu ya kuunda ilibaki. Mwaka 1996 Ron Champion alitoa kitabu cha kufundisha kuunda motokaa ya namna hiyo kwa paundi 250. Bei hiyo twaitilia shaka kidogo, maana asiye na mashine ya kuchomelea atainunua kwanza.

Injini, gia na ekseli ya nyuma hutolewa katika motokaa kuukuu, kama vile Ford Escort. Kiunzi chake fundi hukitengeneza mwenyewe kwa mabomba ya chuma ya mraba, yenye upana wa inchi 1. Hapo ndipo uvumilivu hupimwa. Kwanza huchora mistari ya kiunzi juu ya ubao mpana ulionyooka, na kupigilia vibao vidogo ili mabomba yasisogee. Kila bomba hulipima mahali pake, hulikata refu kidogo, kisha hulipunguza kwa tupa mpaka likae barabara. Wala hachomelei kiungo kimoja mpaka mwisho, kwa sababu moto huvuta chuma na kiunzi chote hupindika. Hushika viungo vyote kwa vitone vidogo, hupima tena toka pembe hata pembe, ndipo huchomelea kidogo upande huu na kidogo upande huu.

Vishikio vya mikono ya chuma inayobeba magurudumu vyataka uangalifu zaidi. Kabla ya kuvichomelea, fundi hupitisha ufito mmoja ulionyooka katika matundu yote, ili yaelekeane. Bolti iliyoingia kwa kupigwa nyundo tusiiamini kamwe: mpira wa ndani hubanwa vibaya, na mkono hauchezi kama ipasavyo.

Tena, mke na watoto watapanda motokaa hiyo. Basi mpira wa mafuta ya breki hutazamwa huku usukani ukizungushwa mpaka mwisho, kulia na kushoto, usije ukaguswa na gurudumu. Serikali nayo haimwachii fundi neno la mwisho. Katika ukaguzi ulioanzishwa huko mwaka 2009, hata kingo za nje hupimwa. Kwa kawaida zile zinazoweza kumgusa mpita njia lazima ziviringwe kwa milimita 2.5 au zaidi. Kwa hiyo, motokaa ikiwa imekwisha kupakwa rangi na majirani wamekwisha kuisifu, mwenyewe bado yumo chini yake na tupa mkononi.