Msemaji wa Watu Hutumwa na Watu

Vijana wetu wa Nanyala, wilayani Mbozi, wakimaliza masomo siku hizi huitamani kazi ambayo babu zetu hawakuijua kwa jina: kuongoza mashirika yasiyo ya kiserikali, kutetea wanyonge na kutoa ushauri kwa malipo. Sisi hatuibezi kazi hiyo. Twauliza neno moja tu: mtetezi huyo katumwa na nani?

Jina hawakulijua, lakini kazi yenyewe wazee wa nchi hii waliifanya. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru huko Engare Nanyuki ili mashamba yao yagawiwe walowezi wa Kizungu. Wameru wakachanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet, na mwaka 1952 akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kule New York. Mwanasheria Earle Seaton alikuwa mshauri wake. Ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini kilio cha Wameru kilisikika Tanganyika nzima, na mwaka 1954 TANU ikazaliwa. Nauli ilitoka mifukoni mwa walionyang'anywa wenyewe. Kwa hiyo na ulimi ulikuwa wao.

Leo je? Wako wanaokaa mjini wakaandika shida za kijiji kwa Kiingereza, wakapokea fedha, na mkulima wa kahawa asijue kwamba amesemewa. Mwenye fedha akichoka, utetezi nao hufa. Mwaka 2025, Marekani ilipoivunja USAID, miradi mingi nchini mwetu ilisimama. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Ndugu kijana, baraza la kukutuma lipo. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Anzia hapo. Omba utumwe; kisha rudi utoe hesabu ya kila shilingi, hadharani, kwa Kiswahili. Mshahara si dhambi, maana mtetezi naye hula. Lakini kiasi chake kijulikane.

Na sisi wanachama tusiwe watazamaji. Mkutano ukiitwa, twende. Mchango ukitakiwa, tutoe. Hesabu zikifichwa, tuulize, hata kama mwenye kuficha ni mwenzetu. Watu wasiochanga wala kuuliza hawapati mtetezi. Hupata msemaji wa kukodiwa.