Wajane waliorukwa katika mgawo

Somo la kwanza la Dominika hii ya tano ya Pasaka, kutoka Matendo ya Mitume sura ya 6, ni fupi, na wahubiri wengi tunalipita haraka kwenda kwenye Injili ya makao mengi katika nyumba ya Baba. Leo naomba tubaki pale. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa likigawa chakula kila siku, na wajane wa waumini waliosema Kigiriki walikuwa wakirukwa. Luka hasemi kwamba yupo mtu mbaya aliyekusudia kuwanyima. Pengine ilikuwa lugha tu. Pengine waliogawa waliwafahamu kwa majina wajane wa upande wao, na hawa wengine hakuna aliyejua wanakaa nyumba ipi.

Mitume wangeweza kujibu kwamba kwetu hakuna ubaguzi, sote ni wamoja katika Kristo, acheni manung'uniko. Hawakujibu hivyo. Waliitisha jumuiya, ikachagua watu saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Majina yote ni ya Kigiriki. Najua kwamba hata kati ya wale Kumi na Wawili walikuwemo Andrea na Filipo, Wayahudi wa Galilaya wenye majina ya Kigiriki, lakini saba kwa saba si jambo la kubahatisha. Inaelekea ufunguo wa ghala walipewa watu wa upande uleule uliokuwa unalalamika.

Nimeikumbuka habari hii kwa sababu vyuo vikuu vyetu vya umma viko katika kipindi cha kuandika mipango ya usawa na ujumuishi. Tangu mwaka 2021 Serikali inatekeleza mradi wa kuboresha elimu ya juu, maarufu kama HEET, kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia. Pamoja na kujenga madarasa, maabara na kampasi katika mikoa iliyokuwa nyuma, vyuo vinasisitiziwa kuwa na sera za jinsia, kuzuia unyanyasaji, na majengo ambayo mwenye ulemavu anaweza kuyaingia. Ni jambo jema na naliunga mkono. Swali langu ni lile la Yerusalemu: nani ameshika ufunguo?

Nchi yetu ina mfano wake. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha Azimio la Musoma. Nia ilikuwa njema kabisa: chuo kikuu kisiwe cha vijana wanaotoka dawatini moja kwa moja, bali anayemaliza kidato cha sita aende kwanza jeshi la kujenga taifa, kisha afanye kazi, apate mapendekezo ya mwajiri na ya chama, ndipo aingie. Mlango ukafunguliwa kwa wafanyakazi watu wazima ambao zamani wasingeota kufika Mlimani. Lakini idadi ya wanawake waliojiunga ikashuka. Ukifikiri kidogo unaona sababu: katika miaka ile ya kusubiri, binti alikuwa ameolewa, ana mtoto mgongoni, na pengine bosi wa kumpendekeza na mume wa kumruhusu wote ni wanaume. Haikuchukua muda mrefu wanawake wakaondolewa sharti la kufanya kazi kwanza, wakaruhusiwa kuingia moja kwa moja. Mpango wa kuleta usawa ulikuwa umewaruka nusu ya watu, na sidhani kama aliyeuandika alikusudia hivyo.

Miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kililegeza kidogo alama za kuingilia kwa wasichana na kuanzisha kozi ya awali kwa wale wa sayansi. Wako waliouita upendeleo. Mimi nauona kama mgawo uliorekebishwa.

Tatizo la sasa ni gumu zaidi kwa sababu limejificha ndani ya geti. TAKUKURU ilitoa mwaka 2020 matokeo ya utafiti kuhusu rushwa ya ngono katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kile cha Dodoma, na ikathibitisha kwamba tatizo lipo. Sera iliyochapwa vizuri haimsaidii binti anayejua kwamba mtu anayemwogopa ndiye anayesahihisha mtihani wake, na kwamba malalamiko yake yatasikilizwa na wenzake mtu huyo. Vivyo hivyo mwanafunzi wa kiti mwendo. Pale Dodoma, ambako ndaki zimetawanyika juu ya kilima, yeye ndiye mtaalamu wa njia. Aitwe siku ramani ya jengo inapochorwa. Kumwita siku ya kukata utepe ni kumchelewesha.

Na wapo wasiofika hata getini. Hapa Singida tuna kampasi ya TIA na kituo cha Chuo Kikuu Huria, na watoto wetu wengine huenda Dodoma au mbali zaidi. Anayetaka mkopo anajaza fomu mtandaoni, analipia shilingi 30,000, anatafuta sahihi ya serikali ya mtaa au kijiji. Yatima anatakiwa kuambatisha cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA. Utaratibu huu una maana yake, maana waongo wapo. Lakini kwa mtoto wa Mkalama au Itigi ambaye baba yake alifia kijijini akazikwa chini ya mti, bila cheti baba huyo ni kama bado yu hai.

Katika parokia moja niliyowahi kuhudumu alikuja kijana wa namna hiyo, amefaulu vizuri kidato cha sita. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la pili. Aliomba tumtafutie jina katika kitabu chetu cha marehemu, limsaidie kama ushahidi. Tulifungua kitabu, halikuwemo. Katekista mzee akakumbuka, kwa sauti ya chini: marehemu alikuwa hajalipa zaka kwa miaka, jumuiya hahudhurii, viongozi wakaamua Kanisa lisimzike. Majirani walimzika wenyewe. Niliona aibu. Nilikuwa nimeshaanza kumlaumu mtu wa RITA kichwani mwangu.

Cheti kilikuja kupatikana kwa barua ya mtendaji wa kijiji na ushahidi wa majirani, lakini dirisha la maombi lilikuwa limefungwa. Kijana alisubiri mwaka mzima akibeba magunia ya alizeti. Siku ile ya kwanza, kabla hajaondoka ofisini, katekista aliniuliza kama anaweza kuliandika jina la marehemu sasa, miaka 11 baadaye. Nikamwambia aandike. Kijana akasimama pembeni ya meza, akimtajia jina la baba yake herufi moja moja.