Ufunguo wa Telefone Yako Uko kwa Nani?

Ndugu msomaji, telefone uliinunua kwa feza yako. Inite unaingiza wewe mwenyewe. Lakini nani anaweza kuinyamazisha bila kugusa mfuko wako? Sisi wa Bunia tulikwisha kuona jibu, tena si mara moja.

Mwaka wa 2009 Serikali ilikata sauti ya Radio France Internationale: kwanza hapa Bunia na kule Bukavu, kiisha katika inchi nzima. Ikarudi katika 2010. Mwezi wa 12 wa 2011, nyuma ya uchaguzi, mesaji za SMS zilikatazwa zaidi ya wiki tatu. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya kupiga kura, intaneti ikakatwa, na SMS vilevile. Ilichukua karibu siku 20.

Wakubwa walitoa sababu: matokeo ya uongo yasienee na kuleta fujo. Tusiicheke sababu hiyo. Vita ya Ituri ya 1999 mpaka 2003 ilitufundisha namna neno baya linaua. Tena kila inchi inataka kutawala mawasiliano yake kama inavyotawala barabara na mpaka. Leta ikishindwa, wengine watatawala mahali pake: kampuni kubwa za mbali, zinazochunga picha na mesaji zetu katika mashini zisizokuwa Kongo. Ni vizuri inchi iwe na sheria juu ya mambo hayo. Yetu ilitoa Kode ya Numeriki tarehe 13 Machi 2023, na ndani yake iko ulinzi wa habari za kila mtu.

Lakini kutawala kuna mpaka wake. Katika 2011 viziwi walilalamika sana, kwa maana SMS ndiyo simu yao. Wao hawawezi kupiga na kusikiliza. Na wewe mama wa karitie Lumumba, mwenye mtoto kwenye machimbo ya Mongbwalu, fikiri: rezo ikinyamaza, utajua namna gani kama barabara ni salama, kama mtoto ni mzima? Kule habari ya kweli imefungwa, uvumi haungoji rezo. Unatembea kwa miguu, na unafika mbele.

Sasa tazama neno lingine. Mwezi wa 9 wa 2020, ARPTC, ofisi ya Leta inayosimamia mambo ya simu, ilianza kukata inite za watu kwa jina la RAM. Ilisemwa ni kwa kuandikisha telefone, ili kupigana na zile za wizi na za bandia. Watu mingi wakauliza: feza hii inaenda wapi? Vijana waliuliza, wabunge kule Kinshasa waliuliza. Mwaka wa 2022 RAM ikaondolewa. Swali moja, likirudiwa bila kuchoka, lilifanya kazi ile.

Basi vijana, siku wakikata tena, msikimbilie mawe. Shikeni maulizo matatu. Ni sheria gani inaruhusu? Ni mpaka siku gani? Nani atajibu kama mtu ameumia?

Kwa ulizo la kwanza Serikali ilikuwa na jibu: sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002 iliiruhusu kukataza mawasiliano juu ya usalama wa watu. Kwa la pili, ilisemwa intaneti itarudi matokeo yakitangazwa. Yalitangazwa tarehe 10 Januari 2019, lakini intaneti ilingoja mpaka tarehe 19. La tatu tunalirudia mpaka leo: nani alilipa hasara ya mwenye duka, ya mwanafunzi, ya kiziwi?

Nyumbani pia iko kazi. Andika namba za jamaa kwenye kaye, usiziache ndani ya telefone tu. Chunga redio ndogo na mawe yake. Patana na mtoto wako wa machimboni siku ya kutuma habari kwa mkono wa msafiri kama rezo imekufa. Na habari usiyoweza kuisema mbele ya jirani huku umetaja jina lako, usiitume. Kila uongo tunaoutuma unampa mwenye ufunguo sababu nyingine ya kufunga.