Acheni Kuniuliza Presha Ngapi

Wasee, wiki hii nimezama kwa gari ambalo pengine sitawahi kulimiliki: GMC Motorhome. Ni nyumba ya kutembea ambayo General Motors walitengeneza Marekani miaka ya 1973 hadi 1978. Matairi ya mbele ndiyo yanavuta, kwa hivyo hakuna propela inayopita chini na sakafu imekaa chini kabisa. Nyuma kuna matairi manne, mawili kila upande, moja nyuma ya lingine. Katikati ya hayo mawili, badala ya springi, kuna mfuko wa mpira uliojaa upepo.

Na swali la kwanza ambalo kila mtu huuliza ni: niweke presha ngapi?

Mimi nasema hilo swali limekaa vibaya. Presha ya ule mfuko huchagui wewe, inachaguliwa na uzito. Jaza tangi la maji, pakia mizigo, ingiza mabeshte wanne. Gari litabonyea, na ili lirudi kimo chake lazima presha ipande. Sasa namba ya gari la mwenzako itakusaidia na nini? Hata pande mbili za gari lako hazilingani, kama friji na jiko viko upande mmoja. Ukilazimisha geji zisome sawa, gari litaegemea.

Kitu cha kupima ni kimo. Pakia gari vile litasafiri, lisimamishe mahali tambarare, chukua tepu upime kutoka chini hadi kwa fremu, pande zote. Kisha weka upepo mpaka lifike kimo cha kiwanda.

Si urembo, bana. Nyuma ikiinuka sana, usukani unakuwa mwepesi na gari linatangatanga barabarani. Ikishuka sana, taa zako zinamulika macho ya wanaokuja, na suspension inakosa nafasi ya kumeza shimo.

Najua kuna mtu atasema geji ni rahisi kusoma. Ni kweli, na itakuonyesha kama umepita kiwango cha mwenye kutengeneza mfuko. Lakini mfuko ukivuja polepole, geji inaweza kusoma karibu vilevile huku gari linashuka, kwa sababu uzito ulio juu haujabadilika. Namba iko sawa, gari liko chini. Tepu haiwezi kukuficha hiyo.

Mbona nawaambia haya na hizo motahomu ziko mbali? Kwa sababu mifuko kama hiyo iko kwa mabasi ya masafa marefu hapa kwetu, na wewe unayetaka kushusha gari lako likae chini kama la video unaitafuta pia. Fizikia ni ileile.

Na hii tafadhali usiisahau: usiwahi kuingia chini ya gari lililoshikiliwa na upepo peke yake. Paipu ikichomoka, gari linakushukia kabla useme "woi". Weka stendi za chuma kwanza, hata kama ni kuangalia tu dakika moja. Fundi akikucheka, mwache acheke.

Kwa hivyo wewe ni timu geji ama timu tepu? Tupatane kwa comments.